Namna ya Kusimamia Wazo Lako la Biashara Wakati Watu wa Karibu Wanakukatisha Tamaa

Mtu anayetangaza kwamba anataka kuanzisha biashara hupokea majibu ambayo karibu yote yanajulikana kabla hayajasemwa: soko limejaa, mtaji huna, fulani alijaribu akafilisika, msomi kama wewe utauzaje vitu mtaani, subiri kwanza watoto wakue. Kinachoumiza zaidi ni kwamba maneno haya kwa kawaida hayatoki kwa adui. Yanatoka kwa mama mzazi, kwa mume au mke, kwa baba mkubwa aliyekulipia ada ya sekondari, na kwa wafanyakazi wenzako ambao mnakula pamoja kila mchana. Kwa hiyo ule ushauri wa kuwapuuza wote haumfai mtu mwenye familia na ukoo, kwa sababu hao hao ndio atakaowaomba wamwangalizie watoto siku ya kwenda mnadani, na ndio watakaomuuguza akilazwa.

Ninachopendekeza hapa ni njia nyingine. Usishindane na kauli ya kukatisha tamaa kwa maneno. Itafute hoja iliyomo ndani yake, igeuze kuwa swali, kisha ulijibu swali hilo sokoni kwa fedha kidogo ambayo hata ikipotea hutaathirika. Ili tusizungumze hewani, nitatumia mfano mmoja hadi mwisho, wa mtumishi anayeishi Dodoma na anayetaka kutengeneza siagi ya karanga na kuiuza madukani. Nimechagua bidhaa hiyo kwa sababu karanga zinalimwa katika mkoa huo, vifaa vyake si vya gharama kubwa mno, na kwa sababu pingamizi zinazotolewa dhidi yake ni za kila aina, zikiwamo zisizo na msingi na zikiwamo za kweli kabisa.

Angalia kwanza ni nani anayesema

Kabla ya kupima kauli, mpime msemaji, si kwa kumdharau bali kwa kujiuliza anajua nini na atapoteza nini. Mwenzi wako wa ndoa huenda hajui lolote kuhusu karanga, lakini biashara ikianguka ni yeye atakayekosa hela ya kodi ya nyumba, na hofu yake ni halali hata pale anapoieleza kwa ukali. Muuza duka wa jumla hana cha kupoteza kwako, lakini anajua ni makopo mangapi yanatoka kwa wiki na yapi yanakaa hadi yanaota vumbi. Halafu yuko mfanyakazi mwenzako ambaye hajui soko wala hatapoteza chochote, na ambaye anazungumza tu kwa sababu mabadiliko ya mwenzake yanamfanya ajitazame.

Makundi haya matatu yanastahili majibu tofauti. Wa kwanza anahitaji ulinzi, yaani makubaliano ya wazi kuhusu fedha. Wa pili anahitaji kuulizwa maswali zaidi, hata kama amekwambia wazi kwamba hutaweza, kwa kuwa dakika 20 za mtu wa namna hiyo zina thamani kuliko semina nzima. Wa tatu mjibu kwa heshima na uendelee na shughuli zako. Watu wengi hufanya kinyume cha haya: wanabishana usiku kucha na wa tatu kwenye simu, wanamficha wa kwanza, na wa pili hawamtafuti kabisa.

Geuza kila kauli kuwa swali lenye jibu

Chukua daftari, gawanya ukurasa katika safu mbili, na upande wa kushoto andika kauli kama ilivyotamkwa, bila kuipunguza ukali. Upande wa kulia andika swali ambalo kauli hiyo inaliuliza. Swali zuri ni lile ambalo linaweza kujibiwa na mtu aliyetoka nyumbani asubuhi na kurudi jioni, si lile la kujadiliwa miaka.

Tuseme shangazi amesema, "Dodoma hii nani atanunua siagi ya karanga? Watu wanatafuna karanga za kukaanga." Swali lililomo ni hili: je, katika maduka ya Area C, Kisasa na yale yanayozunguka soko la Majengo, ni mangapi yanauza siagi ya karanga, inatoka wapi, inauzwa bei gani, na mwenye duka huagiza tena baada ya siku ngapi? Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo kiini. Kuona bidhaa kwenye rafu hakuthibitishi kwamba inauzika. Kinachothibitisha ni mwenye duka kuiagiza mara ya pili kwa fedha yake. Nenda asubuhi au alasiri ya mapema, wakati ambao dukani hakuna foleni, nunua kitu kidogo, kisha uliza. Ukikuta maduka mengi yameacha kuiuza, uliza kwa nini. Huenda jibu likawa kwamba mafuta yalikuwa yakijitenga juu na wateja wakadhani imeharibika, na hilo ni tatizo la maelezo kwenye lebo, si la soko. Huenda pia jibu likawa kwamba wateja wake walihama na hawakurudi, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Kauli kwamba "fulani alijaribu akafilisika" nayo ina swali kubwa ndani yake, na ni ajabu jinsi watu wanavyoikubali au kuikataa bila kwenda kumwona huyo fulani. Nenda ukamwone. Mara nyingi utakuta kwamba bidhaa yake haikuwa na kasoro, ila alikopesha maduka mengi kwa mali kauli, yaani bidhaa kwanza na malipo baadaye, na hakulipwa, au alichukua fedha ya mauzo kujengea, au mashine iliharibika na hakuwa na akiba ya kuitengeneza. Kila moja kati ya sababu hizo ina kinga yake.

Pingamizi lenye ukweli: sumukuvu

Nataka nikae kidogo hapa, kwa sababu hapa ndipo methali ya kelele za chura kutomzuia ng'ombe kunywa maji huweza kumpotosha mtu. Tuseme mjomba, ambaye ni mkulima, amekwambia, "Karanga zina sumu, utaua watoto wa watu." Ukilichukua hilo kama kukatishwa tamaa tu, utakuwa umekosa onyo muhimu kuliko yote. Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi yasiyokauka vizuri au yaliyohifadhiwa kwenye unyevu. Mwaka 2016 ilisababisha vifo vya watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliokula mahindi yaliyochafuliwa nayo, na mtu anayeila kidogo kidogo kwa muda mrefu yumo katika hatari ya saratani ya ini. Kukaanga hakuiondoi kwa kiwango cha kutegemewa, na kusaga kunaisambaza kutoka punje moja mbovu hadi kwenye kopo zima.

Kwa hiyo swali la mjomba ni hili: nitazuiaje sumukuvu isiingie kwenye kopo langu? Jibu linaanzia kwenye ununuzi. Nunua karanga zikiwa bado na maganda, kutoka kwa mkulima unayemfahamu, anayezianika juu ya turubai na si juu ya udongo. Chukua konzi moja uitikise karibu na sikio: karanga iliyokauka hugonga ndani ya ganda lake, ile yenye unyevu hukaa kimya. Uliza pia jinsi zinavyomenywa, kwa sababu wapo wanaolowesha maganda kwa maji ili yalainike na vidole visiumie, na maji hayo ndiyo yanayoualika ukungu. Baada ya kumenya, mwaga karanga kwenye meza yenye mwanga wa kutosha, kidogo kidogo, na uondoe kwa mkono kila punje iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyovunjika au yenye dalili ya ukungu. Kazi hii inachosha mgongo na inapunguza kilo, na hapo ndipo msindikaji mwenye haraka hujidanganya kwamba punje chache hazina madhara. Punje zilizotolewa zisiuzwe wala zisilishwe kuku; ziteketezwe. Magunia yawekwe juu ya chaga, yaani jukwaa la mbao lililoinuliwa, mbali na sakafu na ukuta. Hatimaye peleka sampuli ikapimwe maabara, kwa sababu sumu hii haionekani kwa macho na hakuna uzoefu wa mkono unaoweza kuchukua nafasi ya kipimo.

Ukishafanya hayo, mrudie mjomba. Mwonyeshe meza, chaga na karatasi ya majibu ya maabara. Nimeona mara kadhaa mpinzani wa namna hii akigeuka kuwa msambazaji mwaminifu wa malighafi, kwa kuwa hofu yake ilikuwa ya kweli na imejibiwa kweli.

Fanya hesabu mbele ya anayesema huna mtaji

Kauli ya mtaji hujibiwa kwa kalamu. Bei za karanga hupanda na kushuka kwa msimu, kwa hiyo namba zifuatazo ni za mfano tu; weka zako za wiki hii. Tuseme umenunua kilo 20 za karanga zilizomenywa kwa shilingi 4,000 kwa kilo, jumla shilingi 80,000. Baada ya kuchambua zinabaki kilo 18, na baada ya kukaanga na kuondoa ngozi zinabaki kilo 16, ambazo zinajaza makopo 40 ya gramu 400. Makopo na mifuniko yake ni shilingi 24,000, lebo 8,000, nishati ya kukaangia 8,000, kusagisha 8,000, usafiri 10,000, chumvi na vitu vidogo 2,000. Jumla ni shilingi 140,000, yaani kila kopo limekugharimu shilingi 3,500.

Mwenye duka akilichukua kopo kwa shilingi 5,000, mzigo wote unaleta 200,000 na kuacha 60,000, kabla hujajilipa kwa siku zako za kazi. Sasa ongeza jambo ambalo wengi huliacha nje ya hesabu: makopo 8 hayakulipwa, ama yamerudishwa ama mwenye duka anakuzungusha. Umepoteza shilingi 40,000 na faida imebaki 20,000 kwa kazi ile ile. Hesabu hiyo inakufundisha kwamba tatizo la biashara hii si mtaji wa kuanzia, kwa kuwa shilingi 140,000 ni kiasi ambacho mtumishi anaweza kukiweka akiba kwa miezi michache. Tatizo ni mali kauli. Anayekwambia huna mtaji amekuonyesha mahali pasipo na shida, na hesabu imekuonyesha penye shida.

Jaribu kidogo, na uwauzie wasiokujua

Ndugu na marafiki ni wateja wabaya wa majaribio. Watanunua kwa huruma, watasifu kwa adabu, na hawatarudi. Kipimo ni mtu asiyelijua jina lako ambaye ametoa fedha yake mfukoni, akaenda nyumbani, na baada ya wiki mbili akarudi kuuliza kama ipo. Maonyesho ya Nane Nane katika viwanja vya Nzuguni ni mahali pazuri pa kuwapata watu wa aina hiyo kwa wingi, na hata gulio la kawaida linatosha.

Kwa kuwa ni chakula, jaribio lisifanyike kwa kificho. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula nchini Tanzania uko chini ya Shirika la Viwango, yaani TBS, ambalo husajili jengo la kusindikia na kuthibitisha ubora wa bidhaa. Kama bado huna jengo, zungumza na msindikaji ambaye lake limeshasajiliwa, umlipe akusindikie mzigo wa kwanza chini ya utaratibu wake. Pia fika ofisi ya SIDO ya mkoa. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, hutoa mafunzo ya usindikaji, na barua yake ya utambulisho humsaidia mjasiriamali mdogo anapokwenda TBS.

Majaribio yana faida nyingine ambayo mabishano hayana, nayo ni kukuonyesha kitu ambacho wewe wala wapinzani wako hamkukifikiria. M-Pesa ya Kenya ni ushahidi mzuri. Ilipofanyiwa majaribio mwaka 2005, nia ilikuwa kuwawezesha wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo kulipa marejesho kwa simu. Watumiaji wakaanza kuitumia kutumiana fedha wao kwa wao, na huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 ilijengwa juu ya matumizi hayo, yaani kutuma fedha nyumbani. Hata baada ya kukua, mwishoni mwa mwaka 2008 serikali iliagiza ikaguliwe kufuatia wasiwasi juu ya usalama wake, na ukaguzi ukaikuta iko salama. Katika hatua zote mbili kilichoamua ni matumizi na ukaguzi, si mabishano, na siagi yako ya karanga inaweza kukufundisha vivyo hivyo: pengine wanunuzi wakubwa si mama wa nyumbani bali ni shule za awali, au wachezaji wa mazoezi ya viungo, au mama lishe wanaoitia kwenye mboga.

Makubaliano ya nyumbani

Hili ni gumu kuliko sumukuvu, na ningependa msomaji aliye katika ndoa alisome mara mbili. Usianze biashara kwa siri. Siri ikifichuka, mjadala hautakuwa tena juu ya karanga bali juu ya uaminifu, na hapo hata faida haitakusaidia.

Chagua wakati ambao hakuna mgeni na hakuna bili iliyofika siku hiyo. Mwambie mwenzi wako kiasi kamili utakachotumia, kinatoka wapi, na nini kitatokea kikipotea. Kiasi hicho kiwe kile ambacho kikipotea chote watoto hawatarudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Kisha wekeni mpaka kwa maandishi, kwa mfano: tutajaribu kwa mizigo 3, tusizidishe shilingi 450,000, na kama hadi mwisho wa Septemba hayajafika maduka 5 yaliyoagiza mara ya pili, tunaacha. Anayekukatisha tamaa kwa sababu ya hofu hutulia anapoona kwamba hofu yake imewekewa ukuta, na wewe nawe unapata kipimo cha kuacha kilichowekwa na akili iliyotulia, si na hasira ya siku mbaya.

Kwa wazee jibu halihitaji hesabu nyingi. "Baba mkubwa, nimekusikia na nashukuru kwa kunijali. Naomba unipe hadi mwisho wa Septemba, nitakuja mwenyewe kukuonyesha daftari." Sentensi hizo zinampa heshima yake, zinafunga mabishano, na zinakupa muda. Kisha nenda kweli siku hiyo, hata kama habari si nzuri.

Juu ya mikopo nitasema machache lakini kwa msisitizo. Usichukue mkopo wa kausha damu, yaani wa riba kubwa na marejesho ya haraka, kwa jaribio, na usiweke hati ya kiwanja cha familia dhamana ya kitu ambacho bado hakijapata mteja wa kurudi. Kikundi cha kuweka na kukopa, kama vile VICOBA, kinatosha kwa hatua hii. Baadaye, ukiwa na rekodi, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba kwa vikundi, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Wala usiache kazi mapema ili kuwaonyesha watu kwamba huna mchezo. Marehemu Reginald Mengi, aliyekuja kuwa mmoja wa wafanyabiashara wakubwa wa Tanzania, alikuwa mhasibu katika kampuni kubwa ya ukaguzi alipoanza kuunganisha kalamu nyumbani kwake Dar es Salaam katika miaka ya 1980, na aliendelea na kazi hiyo ya uhasibu hadi mwaka 1989. Simtaji ili kusema kwamba kila anayethubutu hufika alikofika yeye. Wengi waliothubutu walishindwa na hatuwasikii. Namtaja kwa sababu ya mpangilio: mshahara ulilinda jaribio hadi jaribio likaweza kusimama.

Makaratasi, na kauli ya "serikali itakusumbua"

Namba ya mlipakodi hupatikana Mamlaka ya Mapato, yaani TRA, bila malipo, jina la biashara husajiliwa kwa wakala wa usajili wa biashara, yaani BRELA, kwa njia ya mtandao ukiwa na kitambulisho cha taifa, na leseni hutolewa na halmashauri. Mfanyabiashara mdogo binafsi ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato kwa utaratibu wa makadirio, yaani ule wa kukadiria kodi kutokana na mauzo, na anayetunza kumbukumbu za mauzo kwa kawaida hulipa kwa unafuu kuliko asiyezitunza. Daftari lile lile ulilotumia kujibu pingamizi linaanza kukulinda na makadirio ya juu.

Ukishaanza

Kukatishwa tamaa hakukomi siku ya kwanza ya mauzo, hubadilika sura. Waliosema hutaweza sasa watakuja kuomba makopo ya bure au kukopa, wakiamini kwamba fedha unayoshika yote ni faida. Tenga laini ya simu au namba ya malipo ya biashara peke yake, jilipe kiasi kinachojulikana kila mwezi, na msaada kwa ndugu utoke katika kiasi hicho, si katika fedha ya kununulia karanga. Kwa mali kauli, weka kanuni moja usiyoivunja kwa sura ya mtu: duka jipya linapewa makopo 6 tu, na halipati mengine kabla hayo hayajalipwa. Mwenye duka atakayekasirika kwa kanuni hiyo amekuonyesha mapema jinsi ambavyo angekulipa.

Tafuta pia wasindikaji wengine 2 au 3 mnaokutana nao SIDO au kwenye maonyesho, hata kama mnauza kitu kimoja. Ni watu pekee watakaoelewa unaposema kwamba mzigo umerudi kwa sababu mifuniko haikufunga, nao watakwambia ni muuzaji yupi wa makopo wa kumwepuka. Mwisho wa Septemba ukifika, fungua yale makubaliano pamoja na mwenzi wako, hesabuni maduka yaliyoagiza mara ya pili, na mfuate mlichoandika: yakiwa 5 au zaidi, andikeni mpaka mpya wa mizigo inayofuata, yakiwa pungufu, uzeni makopo yaliyobaki, lipeni madeni, na mfungue ukurasa mwingine wa daftari kwa wazo linalofuata.